Bi Tisini na Bahasha Saba

Ijumaa ya tarehe 30 mwezi huu, saa tisa na nusu alasiri, Mkuu wa Dawati la Vibali vya Huduma za Afya atafunga droo yake kwa mara ya mwisho na kurudisha ufunguo masijala. Atakuwa ameitumikia ofisi hii kwa miaka thelathini na sita, miezi miwili na siku tisa. Siku hizo tisa zimehesabiwa mara tatu, kwa sababu mhusika ni mtu wa kuhesabu siku, na ingekuwa aibu kuzikosea kwenye wasifu wake.

Jina lake kamili lipo kwenye kadi ya mwaliko. Kwenye korido hii anaitwa Bi Tisini. Wageni wengine hudhani ni umri, wakaharakisha kumpisha kiti. Yeye hukaa, hushukuru, wala hasahihishi. Ukweli ni kwamba jina hilo lilitungwa zamani na watu waliokuwa wakisubiri kwenye benchi la dirisha namba nne, na hawakulitunga kwa kumsifu.

Kwa wasioifahamu kazi ya dawati hili: hakuna anayefungua zahanati, maabara, chumba cha kujifungulia au kuweka mashine mpya ya tiba bila kibali chetu. Chini ya kanuni za zamani, mwombaji alitakiwa kwanza athibitishe kuwa eneo lina uhitaji. Kisha hospitali zilizo jirani ziliulizwa kama zinapinga, zikapewa siku tisini za kujibu. Ikija barua moja ya kupinga, jalada lilisimama mpaka aliyepinga aondoe pingamizi lake kwa maandishi. Kila baada ya siku tisini ofisi ilimwandikia kumuuliza kama bado anapinga. Asipojibu, kimya chake kilihesabiwa kuwa bado anapinga, na siku tisini nyingine zilianza.

Majalada ya namna hiyo yalikaa kwenye kabati la chuma la kijivu, nyuma ya mlango, ambalo halifungi mpaka ulipige teke. Wafanyakazi waliliita Subira. Kwa miaka mingi Subira ilijaa hadi juu, na mengine yalipangwa sakafuni. Leo hakuna jalada hata moja ndani yake. Ndiyo maana swali linalozunguka ofisini wiki hizi si nani ataandaa chai ya kuagana. Swali ni hili: Bi Tisini akiondoka, Subira itajaa tena? Mwandishi wa wasifu huu analichukulia swali hilo kwa uzito, kwa sababu baada ya Ijumaa dawati litakuwa mikononi mwake mpaka ateuliwe mkuu mpya.

Bi Tisini aliajiriwa akiwa na miaka ishirini na minne, karani wa masijala. Wiki yake ya kwanza alipewa muhuri wa tarehe, akazungusha gurudumu la mwaka akidhani ni la mwezi, na kwa nusu siku maombi kumi na moja yakapokelewa katika mwaka ambao ulikuwa haujafika. Mkuu wake wa wakati ule alimwambia kuwa angalau ofisi imewahi kufanya kazi mapema. Tangu siku hiyo hagongi muhuri bila kuujaribu kwanza kwenye kiganja chake cha kushoto, na ndiyo maana kiganja hicho huwa na tarehe ya leo. Asiye na kalenda humwomba mkono.

Alihamia dirisha namba nne akiwa na sifa ya kujua kanuni zote kwa moyo. Alikuwa mwepesi, mchangamfu, na hakupokea bahasha yoyote isipokuwa yenye maombi. Lakini jibu lake lilikuwa lilelile: rudi baada ya siku tisini. Alilisema kwa tabasamu, jambo ambalo, kwa maelezo yake mwenyewe, liliwaudhi watu zaidi.

Miongoni mwa waliorudi alikuwepo mkunga mmoja, mstaafu wa hospitali kubwa, aliyeomba kufungua nyumba ya kujifungulia yenye vitanda sita ng'ambo ya reli. Akina mama wa upande ule walikuwa wakisubiri geti la reli lifunguke huku uchungu umewashika. Hospitali binafsi iliyokuwa jirani ilipinga, ikidai ina vitanda arobaini vinavyotosha. Ikaulizwa, ikajibu bado inapinga. Ikaulizwa tena, ikajibu hivyohivyo. Baada ya hapo ikanyamaza, na kimya chake kikaendelea kuhesabiwa. Mkunga alikuja kila siku tisini zilipotimia, na mwavuli wake wa bluu, hata jua likiwa kali. Mara ya kumi hakukaa kwenye benchi. Aliinamia tundu la kioo akasema, kwa sauti iliyosikika mpaka chumba cha wapiga chapa, "Mwanangu, mimba haina habari na tisini zenu. Yenyewe ina hesabu yake."

Benchi zima likacheka. Bi Tisini naye akacheka, halafu akaandika barua ya kuuliza kama kawaida. Siku hiyo tarishi alikuwa anaumwa jino. Kwa hiyo wakati wa mapumziko ya mchana, Bi Tisini akaipeleka barua mwenyewe kwa miguu.

Alichokikuta kwenye jengo la hospitali ile ni duka la magodoro. Muuzaji alimkaribisha vizuri na kumuuliza anataka la watu wangapi. Alipoeleza kuwa anamtafuta mganga mkuu, muuzaji akavuta droo na kutoa bahasha saba zilizofungwa kwa mpira, hazijafunguliwa hata moja. Hospitali ilikuwa imefungwa karibu miaka miwili nyuma. "Nilijua mwenyewe atazifuata, mama," muuzaji akasema. "Barua ya serikali haitupwi." Bahasha zote saba zilikuwa na mwandiko wa Bi Tisini. Karibu miaka miwili alikuwa ameliandikia duka la magodoro kuuliza kama bado linapinga watoto wazaliwe ng'ambo ya reli, na akachukua kimya cha duka kuwa ni ndiyo. Rejista yetu ilisema pale pana vitanda arobaini. Vilikuwepo kweli, tena zaidi ya hivyo, ila vilikuwa vya kuuzwa.

Anapokisimulia kisa hiki watu hushika mbavu. Yeye akifika mahali hapo husema kuwa kosa halikuwa la kanuni peke yake. Kanuni ilisema aandike. Haikumkataza kwenda kuona.

Hata baada ya hapo kibali hakikutoka, kwa sababu pingamizi lilitakiwa liondolewe na aliyelileta. Bi Tisini alimtafuta mwenye hospitali kwa wiki tatu, kila mchana, akala njiani. Alimkuta nyumbani kwa bintiye akimwagilia maua, na mzee yule hakukumbuka kabisa kama aliwahi kumpinga mtu. Alisaini akiwa amesimama, karatasi imewekwa juu ya ndoo iliyofunikwa. Mkunga alifungua nyumba yake mwezi uliofuata. Mpaka mwezi uliopita wamezaliwa pale watoto elfu mbili mia sita na kumi na wawili. Mkunga macho yamepungua nguvu sasa, lakini atakuwepo Ijumaa, na ametuma salamu kuwa atakuja na mwavuli.

Kutoka hapo Bi Tisini alianza kazi ambayo hakuajiriwa kuifanya. Aliandika mapendekezo ya kurasa mbili ya kubadili kanuni. Akaambiwa hiyo si kazi ya karani wa dirishani. Alipopanda cheo akayaandika tena, safari hii yakapelekwa kwa wadau watoe maoni. Wamiliki wa hospitali wakapinga, na kwa kuwa utaratibu ni utaratibu, jalada la kuondoa siku tisini likawekwa kwenye Subira lisubiri siku tisini. Hilo lilitokea mara nne. Yeye mwenyewe ndiye aliyekuwa akilipiga teke kabati lifunge.

Ilichukua miaka kumi na mitatu mpaka akaitwa mbele ya Kamati inayopitisha kanuni. Wawakilishi wa wamiliki walisema kuwa vibali vikirahisishwa, kila mwenye chumba na kitanda atajiita daktari. Walitarajia abishe. Akakubaliana nao. Alisema ukaguzi wa maji, umeme, vifaa, taka na vyeti vya wahudumu ubaki, tena ukazwe, na asiyefaa anyimwe kibali siku hiyohiyo. Lakini, akasema, jirani kutokutaka mwenzake afungue mlango si ukaguzi. Kisha akapanga bahasha saba mezani, bado zimefungwa, na kumwomba mwenyekiti afungue mojawapo, yoyote ile. Mwenyekiti akasoma kwa sauti: tafadhali tujulishe kama bado mnapinga. Akauliza nani alijibu. "Hakujibu mtu, mheshimiwa. Ilipokelewa na muuza magodoro." Kumbukumbu za kikao zinasema "kicheko," na mstari unaofuata unasema "mapendekezo yamepita." Zimehifadhiwa masijala, anayetaka akazisome.

Kanuni mpya zina miaka mitano sasa. Huduma ndogo haziombi tena uthibitisho wa uhitaji, ila zinakaguliwa vikali. Kimya cha mtu si pingamizi. Anayepinga hutembelewa na ofisi hii ndani ya siku kumi na nne, bila kuarifiwa, ili anachodai kionekane kwa macho. Na mwombaji hupata jibu, la ndiyo au la hapana lenye sababu, ndani ya siku sitini. Dereva wetu alipendekeza jina libadilishwe liwe Bi Sitini. Mwenyewe alikataa, akasema hawezi kushushwa cheo uzeeni.

Dereva huyohuyo ana malalamiko mengine. Anasema amekuwa dereva wa mtu asiyependa gari. Bi Tisini huliacha kona ya kwanza na kumalizia kwa miguu, akiamini kuwa gari la serikali likifika getini, hospitali nzima huanza kupiga deki. Mume wake, ambaye ni fundi viatu, anasema hana mteja aliyemaliza soli nyingi kama mkewe, na wala hapangi foleni. Mambo mengine ni ya kusamehewa tu. Huimba anapogonga mihuri, na haimbi vizuri. Kalamu yake haiazimwi mpaka uache kitu cha thamani, na Mkurugenzi aliwahi kuongoza kikao bila miwani kwa sababu hiyo.

Mwaka jana aliletewa karani mpya, mwenye vyeti vizuri na moyo mwepesi wa kuogopa. Karani huyo ndiye anayeandika hapa. Sehemu hii anaiandika kwa shida, lakini bila hiyo shukrani zake zingekuwa za mdomoni tu.

Miezi minane iliyopita, daktari mmoja mwenye zahanati ndogo na mkewe muuguzi waliomba kuweka mashine mbili za kusafisha damu ya wagonjwa wa figo. Siku ya kumi hospitali kubwa ikapinga. Barua ilikuja kwenye karatasi nene, jina la hospitali limeandikwa kwa rangi ya dhahabu, saini tatu, na nakala kwa watu ambao karani alikuwa amewaona kwenye magazeti tu. Ilisema hospitali ina mashine nne, zinatosha, na nyingine hazina kazi. Kanuni ilikuwa wazi: nenda ukaone. Karani aliisoma barua mara tano. Akamfikiria mlinzi wa getini, katibu muhtasi, madaktari wenye makoti meupe, na swali ambalo asingeweza kulijibu. Akaliweka jalada kwenye Subira, kwa muda tu, mpaka apate maneno mazuri ya kujieleza. Kabati hilo wakati huo lilikuwa la vikombe vya chai. Jalada likakaa chini ya sinia siku ishirini na sita.

Bi Tisini alilikuta akitafuta kijiko. Alisoma, akahesabu kwa vidole, akamaliza chai yake. Karani alingoja kufokewa. Alichoambiwa ni, "Mwanangu, vaa viatu vya kutembelea." Njiani alisimulia upya kisa cha magodoro, lakini safari hii aliongeza kipande ambacho hakisimulii mbele za watu. Alisema muda ule wote hakutoka dirishani kwa sababu aliogopa kuulizwa jambo asilolijua. Kisha akafundisha dawa yake, ambayo ni kusema sijui, nitaangalia. Alidai amewajibu hivyo mawaziri wawili na hakuna aliyemng'ata.

Hospitalini tulikuta mashine nne kama barua ilivyosema. Mbili zilikuwa zimefunikwa shuka, na juu ya moja palikuwa na chombo cha maua. Ukutani palibandikwa orodha ya wanaosubiri, karatasi mbili zilizounganishwa kwa gundi. Kwenye benchi alikuwepo dereva wa basi aliyetakiwa kusafishwa damu mara tatu kwa wiki, akawa anapata mbili kwa sababu ya foleni. Miguu yake ilikuwa imevimba mpaka viatu vimefunguliwa kamba. Alituuliza, kwa utani wa mtu asiye na nguvu, kama tumeleta mashine mfukoni. Muuguzi wa zamu aliangalia mlango kwanza, halafu akasema kwa sauti ya chini, "Andikeni tu. Tumechoka kuwaambia watu warudi kesho." Tuliandika. Kibali cha zahanati kilitoka siku ya hamsini na tatu. Dereva wa basi sasa anapata tatu zake, amerudi kazini kwa zamu za asubuhi, na mwezi uliopita alipita dirisha namba nne kuuliza mfukoni mna nini safari hii.

Karani alidhani mambo yaliishia hapo. Wiki mbili zilizopita, Afisa Utumishi alimpa jalada binafsi la Bi Tisini ili achukue tarehe za wasifu huu. Ndani yake, baada ya miaka thelathini na mitano ya barua za pongezi na likizo, palikuwa na barua ya onyo. Hospitali kubwa ilikuwa imelalamika kuwa ofisi ilivunja kanuni yake yenyewe kwa kuchelewa kuitembelea, na ilikuwa na haki. Mkurugenzi aliuliza nani alichelewesha. Jibu limeandikwa kwa mkono, mstari mmoja: "Jalada lilichelewa kwenye dawati langu. Sina maelezo zaidi." Kwa karani aliyekuwa bado kwenye majaribio, onyo lile lingekuwa mwisho wa ajira. Bi Tisini hakumwambia mtu. Kwa tarehe iliyo kwenye barua ile, asubuhi iliyofuata ndiyo siku aliyoingia akiimba, na sisi tukamtania kuhusu sauti yake.

Karani alikwenda kwa Mkurugenzi, akaomba barua iondolewe na kosa lirudishwe kwa mwenyewe. Mkurugenzi alieleza kuwa aliwahi kujitolea kuiondoa, na Bi Tisini akakataa. Alisema jalada haligeuzwi baada ya mambo kutokea, na dawati lilikuwa lake kweli. "Kwa hiyo siwezi kuitoa," Mkurugenzi alisema. "Lakini unaandika wasifu wake. Iandike." Imeandikwa.

Tulipomuuliza angependa zawadi gani ya kuagwa, tulikuwa tumeshaanza kufikiria sofa. Akaomba kitu kimoja: kabati lile litolewe, lisibaki mahali pa kuweka jalada hata kwa muda tu. Wapagazi wawili watalichukua Ijumaa asubuhi. Vikombe vimehamishiwa dirishani. Zile bahasha saba amemkabidhi karani, sita zikiwa bado zimefungwa, na zipo kwenye droo ya juu, mahali ambapo mkono hufika kwanza.

Mwandishi anawaomba wageni radhi: Ijumaa atachelewa kufika ukumbini. Kuna maabara ndogo iliyopingwa na jirani yake, na siku ya kumi na nne inaangukia siku hiyo. Alikwenda kwa jirani huyo mara ya kwanza akakuta pamefungwa. Atakwenda tena mchana, peke yake, kwa miguu kuanzia kona ya kwanza, akiwa na dawa aliyofundishwa: sijui, nitaangalia. Bi Tisini amearifiwa. Amesema karani akija kumpungia mkono huku jirani huyo hajatembelewa, atamrudishia mlangoni.

Kwa niaba ya dirisha namba nne, ya dereva wetu, ya watoto wa ng'ambo ya reli ambao hawakujua kama walipingwa, na ya wote waliojibiwa mapema kwa sababu yako: asante, Bi Tisini. Tunakutakia maisha mema pamoja na fundi wako wa viatu, afya njema, na siku nyingi ambazo safari hii hutalazimika kuzihesabu.